Tani Mbili za Ziada

Malori ya mafuta na makontena hupita Kisumu usiku na mchana yakielekea Busia na kuvuka kwenda Uganda. Je, yakiruhusiwa kubeba mzigo mzito zaidi, nani atafaidi na nani atalipa? Hoja ya mwenye lori ina uzito wake: akibeba mzigo mkubwa kwa safari moja, gharama ya dizeli na ya dereva hupungua kwa kila tani, na mnunuzi wa saruji pale soko la Kibuye huenda akapata nafuu. Shida ni kwamba lami huumia kulingana na uzito wa kila ekseli. Majaribio ya Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa madhara hayo hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Chukua ekseli moja yenye magurudumu manne, ambayo sheria ya Afrika Mashariki inaiwekea kikomo cha tani 10. Ipakie tani 12. Uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini barabara imeumia mara mbili. Lami hubonyea, ikaacha mifereji miwili ya magurudumu. Mvua ya masika ikituama humo, maji hupenya kwenye nyufa hadi chini, na kule Ahero, karibu na Kisumu, chini kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Wenye malori watasema wanalipa ushuru wa matengenezo ya barabara kila wanapojaza dizeli. Kweli, tena ulipandishwa 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ila lori lililozidisha tani mbili halinywi mafuta maradufu. Pengo linazibwa na wenye matatu na bodaboda, ambao hutozwa kiwango kilekile kwa lita ingawa lami haiwasikii. Huo ni ufadhili wa kimyakimya, na sidhani kuna aliyeupigia kura.

Hata hivyo, sipingi lori kubwa. Sheria hiyohiyo inaruhusu hadi tani 56, mradi uzito ugawanywe kwenye ekseli 7 na madaraja yastahimili. Tena Kisumu ina reli, na ina MV Uhuru, meli inayovusha mabehewa ya treni hadi Port Bell, Uganda. Mafuta ya Uganda yapite huko kwanza; anayesisitiza kuyapitisha barabarani, aongeze ekseli kabla ya kuongeza tani.