Uzito Unapita Wapi? Mhadhara wa Umma kuhusu Lodi Seli



Lori linaposimama juu ya mizani pale Vigwaza au Mariakani, tarakimu za kwenye skrini ndizo zinazoamua kama dereva ataendelea na safari au atalipa faini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56, gari na mzigo wake. Ukali huo una sababu. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikizidishiwa asilimia 20, barabara huumia karibu maradufu.

Lakini chini ya jukwaa la mizani hiyo hakuna kitu kinachojua uzito. Kuna vipande vya chuma, ambavyo mafundi wa mizani huviita lodi seli, na kazi yao ni kubonyea. Nguzo ya chuma yenye urefu wa milimita 100, ikibeba mzigo wake kamili, hufupika kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita: unene wa unywele. Mzigo ukitoka, hurudi ilivyokuwa.

Huko kubonyea husomwa kwa umeme. Mwaka 1856 Lord Kelvin alieleza kuwa waya ukivutwa, ukinzani wake hubadilika. Ilipita miaka zaidi ya 80 kabla Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake huko Marekani, hawajaubandika waya huo juu ya kitu kinachobeba mzigo. Siku hizi ni utepe mwembamba wa metali, yaani geji, ulioshikwa kwa gundi. Nguzo ikibonyea kiasi hicho, geji yenye ukinzani wa omu 350 hubadilika kwa omu 0.7 hivi tu. Na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu waya wa shaba ukipashwa joto la nusu nyuzi tu hubadilika kwa kiwango hichohicho! Ndiyo maana geji hutengenezwa kwa konstantani, aloi ya shaba na nikeli isiyojali sana joto, na nne huunganishwa katika daraja la Wheatstone. Joto likipanda, zote hubadilika pamoja na athari hufutana. Mzigo ukija, mbili huongezeka ukinzani na mbili hupungua, na daraja hupoteza mlingano. Ukiingiza volti 10, hupati zaidi ya milivolti 20. Gawa hizo kwa vigawanyo 3,000 vya mizani ya kawaida ya biashara, kila kimoja ni chini ya maikrovolti 7. Unyevu kidogo ndani ya kisanduku cha nyaya unatosha kuzimeza.

Sasa tuje kwenye kuchagua lodi seli. Wanunuzi wengi huanza na usahihi ulioandikwa kwenye karatasi. Mimi huanza kwa kuuliza uzito unapita wapi. Kama kitu kinaning'inia, chukua ya umbo la S, inayovutwa. Mizani ndogo ya dukani yenye sahani moja inahitaji ile ya nukta moja, isiyobabaishwa na mahali bidhaa ilipowekwa. Matangi na majukwaa ya ghalani hufaa boriti ya mkato. Mizani ya malori ni nguzo, tena yenye ncha za mviringo, kwa kuwa lori likifunga breki jukwaa husogea, na nguzo hiyo hujisimamisha yenyewe.

Ukubwa nao huwapoteza watu. Nimesikia hesabu hii: tani 60 kwa lodi seli sita, basi kila moja tani 10. Lakini kundi la ekseli tatu lenye tani 24 linaweza kusimama karibu lote juu ya lodi seli mbili, na bado hujahesabu jukwaa lenyewe wala mshtuko wa gari linaloingia. Tani 30 kwa kila moja si anasa. Ukienda hadi tani 100, hata hivyo, ishara yako ya umeme inakuwa hafifu bure.

Kwa pwani yetu yenye chumvi, alumini iliyopakwa silikoni haifai nje. Nunueni chuma kisichoshika kutu, kilichofungwa kwa kuchomelewa. Na fundi akija kuchomelea jukwaa, nyaya zichomolewe kwanza na waya wa ardhi wa mashine ufungwe karibu na anapochomelea, mkondo usipite ndani ya lodi seli. Akimaliza, jiwe lilelile la kupimia liwekwe juu ya kila lodi seli kwa zamu, majibu yaandikwe, ndipo mizani ifunguliwe kwa malori.