Kompyuta Kuukuu ya Kikundi Isitupwe Bado
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Waithaka)



Mmeniita kwa neno moja: je, tutoe pesa za mfuko tununue kompyuta mpya? Fundi alisema hii ya ofisini imekufa. Nimeifungua nikaitazama. Haijakufa, imeelemewa tu.

Ina memori ya gigabaiti 1. Windows 11 inataka gigabaiti 4 kwenda juu, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa memori ni nini? Ni kama meza ya jikoni, na diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, mpishi anakwenda kabatini na kurudi, kwenda na kurudi, chakula kinachelewa. Ile taa inayowakawaka bila kupumzika, ndiyo safari hizo.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki kule Ufini, akifuata mtindo wa Unix iliyozaliwa Marekani mwaka 1969. Kompyuta yake ilikuwa na megabaiti 4 tu. Yetu ina mara 256 ya hiyo! Lakini msidanganyike, si kila Linux ni nyepesi siku hizi. Ubuntu ya kawaida ingeilemea vilevile. Nimechukua antiX, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mashine kama hizi. Hailipishwi. Puppy Linux nayo ni ya namna hiyo.

Kwa daftari la michango natumia Gnumeric, ni nyepesi kuliko LibreOffice. Nimewasha pia zram, ambayo hubana vitu vilivyomo kwenye memori, kama mtu anayekunja nguo ziingie nyingi sandukuni. Adui mkubwa ni intaneti. Fungua ukurasa mmoja, ufunge, ndipo ufungue mwingine. Vijana mnaotaka video, jameni, hapa hapana. Ukitaka kujua meza imebaki na nafasi gani, andika free -m na usome safu ya mwisho.

Sasa lile lililonileta hasa. Kabla ya kugusa diski, nakilini daftari kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina, moja kwa katibu, kisha mzifungue kwenye kompyuta nyingine muone zinasoma. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukifanyia kikundi kingine kazi hii kwa haraka. Nikafuta diski yote, na michango ya miezi saba ikaenda nayo. Tulikaa Jumamosi tatu tukiijenga upya kutoka kwenye kadi za wanachama. Mama mmoja kadi yake ilikuwa imelowa mvua. Alisema alilipa, kitabu hakikuwepo, na mpaka leo sijui kama tulimtendea haki.

Kwa hiyo hapa sijafuta kitu. antiX inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na ndivyo katibu ameitumia wiki mbili hizi. Itumieni hivyo mpaka mwisho wa mwezi, hesabu zifungwe, ndipo tuisakinishe au mnunue mpya.

Maswali ya printa mniulize tukitoka nje. Hiyo bado inanisumbua.