Kahawa ya Barazani na Kahawa ya Zamu ya Usiku



 

Kamati imetuomba sisi wauguzi wa chama tuseme machache kuhusu afya katika sherehe hii ya Uhuru. Tumechagua kahawa, kwa kuwa hapa Uingereza wengi wetu hatumalizi siku bila hiyo.

Watoto, kwetu kahawa hainywewi kama mnavyotuona sisi. Pwani, muuza kahawa hupita na birika na jiko lake la mkaa, akigonganisha vikombe. Kikombe ni kidogo, kahawa ni chungu, na pembeni kuna kipande cha kashata. Watu hukaa barazani wakazungumza siasa, mpira na habari za wagonjwa. Bukoba, mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Kilimanjaro, ambako KNCU ilianzishwa mwaka 1933, fedha za kahawa zimelipa ada za wengi. Baadhi yetu tumo ukumbini humu kwa sababu babu alikuwa na mibuni.

Huku tunakunywa kikombe kikubwa, peke yetu, ndani ya gari, tukiwahi zamu. Saa tisa usiku tunaongeza kingine. Asubuhi tunakunywa cha tatu ili tuwapeleke watoto shule, kisha tukilala usingizi hauji. Mwaka jana mmoja wetu alisinzia kwenye usukani akitoka kazini. Gari lilipanda ukingo wa barabara, Mungu alimnusuru. Alikuwa amekunywa vikombe vinne.

Kahawa si sumu, ila haichukui nafasi ya usingizi. Kafeini huzuia tu ubongo usisikie uchovu, na nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, mjamzito, 200. Kikombe kimoja cha kahawa ya unga ya kukoroga kina kama 100. Mwenye upungufu wa damu asinywe kahawa wala chai pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma anayopata. Na nyinyi vijana, makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu yana kafeini hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunaomba: kikombe cha mwisho kiwe kabla ya katikati ya zamu. Ukitoka umechoka, usiendeshe. Panda basi, au mpigie mwenzako aje kukuchukua.

Tunajua kwa nini tunafanya kazi mbili: kodi ya nyumba, ada za watoto wa ndugu, dawa za mama. Lakini nyumbani hawajui kwamba hatulali, kwa sababu hatujawaambia. Tuwaambie.

Leo, pale nyuma, kuna birika, vikombe vidogo na kashata. Watoto wamimine, wakianza na wazee, na sisi tuliozoea kunywa garini tukae chini tuzungumze.

 Heri ya Uhuru.