Sumu ya Eyasi

Msikilizaji, waridi la jangwa, lenye shina lililovimba na maua mekundu, wengi wetu tunalijua kama pambo la bustani. Shuka hadi Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, na mmea huo una kazi nyingine. Wahadzabe, wawindaji wa huko, huchemsha utomvu wake hadi uwe mzito na mweusi, wakapaka ncha ya mshale. Wanauita panjube. Hushambulia moyo wa mnyama. Mwindaji hufuata nyayo taratibu, na nyama iliyozunguka jeraha hukatwa ikatupwa.

Huo ni ufamasia, tena wa hatari. Daktari John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa mpelelezi Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858. Mswaki wake uliguswa na sumu ya mishale ya mmea wa ukoo mmoja na waridi la jangwa, akaona mapigo ya moyo yakishuka. Kutoka mmea huo Thomas Fraser wa Edinburgh akapata strofanthini, dawa ya moyo. Kirk na Fraser wamo vitabuni. Waliopika sumu ile? Hawatajwi.

Itifaki ya Nagoya ya 2010 inadai faida itokanayo na mimea na maarifa ya jadi kama haya igawanywe na wenyeji. Vizuri, ila mimi naipa uzito zaidi hati ya ardhi ya kimila waliyoipata Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, jirani zetu wa Mbulu, mwaka 2011. Kijana atafundishwaje kupika panjube pale ambapo pori limefyekwa kupisha vitunguu?