Kipupwe na Kazi za Nyumbani: Maneno kwa Wakristo na Walimu



 Nimeombwa niseme maneno machache katika yubilei hii. Wengine wamekwisha kusema habari za wamisionari Wabenediktini, jinsi walivyofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na jinsi Jimbo letu la Mbinga lilivyoanzishwa mwaka 1986. Hayo ni mambo makubwa, nayo yafaa yaandikwe. Lakini mimi nitasema habari ya jambo dogo, yaani shamba dogo, na kazi za mtu nyumbani kwake wakati wa kipupwe. Maana Mkristo hukaa kanisani saa chache tu kila juma. Siku zilizobaki hukaa kati ya jembe, jiko na watoto, na huko ndiko imani yake inakopimwa.

Ninyi mwajua nchi yetu ya Umatengo. Ni nchi ya milima mikali, na mvua zake ni nyingi. Mahali pengine mtu akilima mteremko kama huu, udongo wote hushuka mtoni kwa miaka michache. Lakini wazee wetu walikimbilia milimani zamani za vita vya Wangoni, wakawa watu wengi katika ardhi ndogo, wakajifunza kulima ngoro. Majani hukatwa mvua zinapokaribia kwisha, hulazwa kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika. Basi hubaki mashimo katikati, na matuta pande zote nne. Maji ya mvua hukaa shimoni yakazama polepole, na majani yakioza huwa mbolea. Juu ya matuta hayo twapanda maharage kwanza, na msimu wa mvua unaofuata twapanda mahindi. Wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kutazama kazi hiyo, wakaisifu. Nasi tusiione kuwa ni jambo la kishamba.

Basi maharage yapandwayo mwezi wa Machi huvunwa Juni na Julai, na hapo ndipo kipupwe kinapotukuta. Kahawa nayo huanza kuiva. Ukungu hulala bondeni hata saa nne, na siku nyingine jua halionekani kabisa. Watoto hukohoa, kuku hujikunyata, na kila kitu kilichovunwa huwa na unyevu. Mavuno yamekwisha kupatikana, lakini hayajawa chakula bado. Kati ya shamba na ghala pana kazi nyingine, nayo ni kukausha.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka wa pili wa utumishi wangu, mwezi wa Machi, mke wangu aliniambia, "Baba, nguzo za kichanja chetu cha kuanikia zimeoza. Tujengee kingine kabla ya kipupwe." Nikamjibu, "Nitajenga juma lijalo." Juma lile nilikuwa na wakatekumeni wa kubatizwa Pasaka. Mwezi wa Mei palikuwa na rozari jumuiya kwa jumuiya. Mwezi wa Juni palikuwa na maandamano ya Ekaristi. Kila mara nilikuwa na sababu njema, na kichanja hakikujengwa.

Ukungu ukashuka, ukakaa majuma mawili. Mke wangu akatandaza maharage juu ya mikeka ndani ya nyumba, karibu na moto, akiyageuza asubuhi na jioni. Nami nilikuwa nimeitwa kwenye semina ya makatekista. Nikaona mikeka imejaa nyumba nzima, nikasema, "Yamekauka haya, tuyatie magunia." Mke wangu akasema, "Bado, Baba." Sikumsikiliza. Niliporudi siku ya tisa, nilitia mkono katika gunia nikakuta ndani mna joto kama mkate unaotoka motoni. Maharage yalikuwa yameota, mengine yamekuwa meusi, yananuka. Katika magunia manne, matatu yalikwisha kupotea. Lililobaki tulilila, na mbegu ya mwaka ujao haikubaki.

Mwezi wa Novemba, Jumapili moja, Padre hakuweza kufika kigangoni, nami nikaongoza ibada. Injili ilikuwa ile ya wanawali kumi. Nikafundisha kwa sauti kubwa juu ya kujiweka tayari. Watu walipotoka, mama mzee mmoja, mjane, aliningoja mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaniuliza polepole, "Mwalimu, wale watano walikosa mafuta. Na wewe, mbegu unayo?"

Sikuwa na jibu. Lakini hakuwa amekuja kunicheka. Mwezi wa Februari alimtuma mjukuu wake na debe zima la mbegu ya maharage. Baada ya mavuno nikampelekea madebe mawili, naye akayakataa. Akasema, "Usinirudishie maharage. Nijengee kichanja, maana sina mwanamume nyumbani." Nikakijenga, chenye nguzo imara na paa dogo juu. Alipokitazama akasema, "Leo nimeyasikia mahubiri yako." Mama huyo sasa ni marehemu, Bwana ampe raha ya milele. Kichanja kile wajukuu wake wamekibadilisha nguzo, nacho kingali kikitumika.

Ndugu zangu, katika habari hiyo naomba mshike mambo machache.

Kwanza, kichanja kijengwe kabla ya baridi, nacho kiinuliwe juu ya ardhi ili upepo upite chini. Kahawa ya maganda na maharage vifunikwe jioni kabla ukungu haujashuka.

Pili, nafaka isitiwe gunia kwa kukisiwa. Tia punje kidogo katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, uitikise, uiache kwa dakika chache. Chumvi ikishika kandoni mwa chupa, nafaka haijakauka. Mahindi yenye ukungu yasiliwe, wala wasipewe nguruwe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula chao, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Tatu, msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kama baridi ni kali, ongezeni blanketi, na jiko litolewe nje.

Nanyi walimu wa shule, wafundisheni watoto ngoro kwa mikono yao, si kwa ubao tu. Mtoto aliyesoma akidharau jembe, shule imemnyang'anya kitu badala ya kumpa.

Mwisho, nawaambia akina baba na makatekista wenzangu. Kazi ya Kanisa haimwondolei mtu deni lake la nyumbani. Mke akisema nguzo imeoza, hilo nalo ni neno la kusikilizwa, wala halipungukiwi heshima kwa kuwa limesemwa jikoni. Yubilei ni wakati wa kulipa madeni na kuanza upya. Basi kila mmoja wetu arudi nyumbani leo, atazame kichanja chake, kisha atazame na cha jirani asiye na msaada.

Mungu awabariki, abariki mashamba yetu na Jimbo letu. Amina.