Kusikika Si Kupiga Kelele

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Liwatoni, Mombasa)



Mweka hazina akisoma hesabu huku spika inapiga mluzi, mwanachama aliyeketi nyuma hurudi nyumbani bila kujua hisa zake zimefanywa nini. Hapo ndipo manung'uniko huanza. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya vyombo vya sauti.

Sauti ina njia yake: huingia kwenye maiki, huenda kwenye miksa, kisha amplifaya, mwisho spika. Maiki hutoa umeme mdogo mno. Miksa huukuza na kuusawazisha, nayo amplifaya huupa nguvu ya kusukuma spika. Kasoro ya mwanzoni hukuzwa pamoja na maneno. Basi tengenezeni mwanzo kwanza.

Maiki iwe karibu na mdomo, kama upana wa kiganja. Ukiwa mbali, fundi hulazimika kuifungua sana, nayo hudaka kila kitu.

Mluzi je? Ni sauti ya spika inayorudi ndani ya maiki na kuzunguka tena na tena. Wekeni spika mbele ya msemaji, zikiwaelekea watu, naye abaki nyuma yake. Mluzi ukianza, punguzeni maiki. Msiizibe kichwa kwa mkono, maana mluzi huzidi.

Kwenye miksa, punguzeni besi wakati wa hotuba. Besi ni tamu kwa ngoma, lakini maneno hufahamika zaidi kwa sauti za kati na za juu.

Wengine husema, "Tununue amplifaya kubwa!" Jamani, kutoka wati 100 kwenda 200 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, na sikio huiona ndogo. Afadhali muinue spika zipite vichwa vya watu. Taa nyekundu ikiwaka mfululizo, sauti hukwaruza, na ile spika ndogo ya sauti za juu yaweza kuungua. Kikundi kinachokodisha vyombo kitalipa spika mpya kwa faida ya harusi kadhaa. Tena, amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, ili spika zisipigwe kishindo.

Sisi tuko kando ya bandari ya Kilindini, na hewa ya chumvi hula plagi. Zifuteni kwa kitambaa kikavu, na vyombo vifunikwe.

Tusisahau majirani, wenye wagonjwa na watoto wachanga. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinashusha kiwango kinachoruhusiwa baada ya saa 2 usiku.

Kabla ya mkutano ujao, mmoja asome hesabu kwenye maiki, mwingine akae safu ya mwisho aziandike. Tarakimu zisipolingana, rekebisheni vyombo kwanza, ndipo muite watu.