Tulikwenda Kudai, Tukamkuta Bwana

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Titye)



Mweka hazina atawasomea mahesabu ya hisa, mikopo na faida. Sisi tumeombwa kusema jambo ambalo halimo katika daftari lake, yaani namna tulivyoiona huruma ya Kristo katika maisha yetu ya kila siku. Tutasema ukweli, hata pale unapotuaibisha.

Tulianza mwaka 2015. Wengi mnaukumbuka mwaka ule. Ndugu zetu wa Burundi walikimbia kwa maelfu. Wengi walikwama Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawakuta pale. Meli ya Liemba ikawachukua hadi Kigoma, na mabasi yakawaleta wilayani kwetu Kasulu, kambi ya Nyarugusu. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Hatukuhitaji mkalimani ili kuelewa kilio chao. Tuliwaombea, tukajiona kuwa sisi ni watu wa huruma.

Lakini jamani, kumhurumia mgeni si kazi ngumu sana. Kazi ni kumhurumia jirani aliyeshika fedha yako.

Mwenzetu mmoja alikopa ili anunue maharage akauze gulioni. Akaweka dhamana ya cherehani. Mkutano wa kwanza hakuja, wa pili hakuja, wa tatu hakuja. Maneno yakaanza: "Anatukimbia huyo." Katiba yetu ilikuwa wazi. Tukafunga mkutano kwa sala kama kawaida, halafu watu sita tukaondoka kwenda kuchukua cherehani.

Tulimkuta uani anafua nguo za mtoto. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, amekonda, ndiyo kwanza ametoka hospitali. Mtaji wote ulikuwa umeishia kwenye matibabu, naye aliona haya kuja mbele yetu mikono mitupu. Hakubishana nasi. Alitutolea viti, akatuletea viazi vya kuchemsha, kisha akasema, "Cherehani iko ndani. Ila kabla hamjaichukua, mniombee mtoto."

Tuliinamisha vichwa, na hakuna aliyeweza kufungua kinywa. Mwishowe mkubwa wetu kwa umri aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Mwingine akashika zile nguo. Mwingine akaingia jikoni kukoroga uji wa mtoto. Sala yetu siku ile ilikuwa hiyo.

Katika Injili ya Luka, sura ya 7, tunasoma habari za mjane wa Naini aliyekuwa anakwenda kumzika mwanawe wa pekee. Mama yule hakumwita Yesu, wala hakumwomba kitu. Ni Bwana mwenyewe aliyemtazama, moyo wake ukaguswa, akausimamisha msafara wote. Kumbe huruma inaanza kwa kusimama na kutazama! Sisi tulikuwa tunatembea na daftari. Tulidhani Bwana tumetoka naye kwenye mkutano kwa ile sala ya kufunga, kumbe alikuwa ametutangulia, yuko pale uani anatungoja.

Msituelewe vibaya. Deni hatukulifuta, maana fedha ile ni jasho la wote, wakiwemo wajane. Tulimwongezea muda, na mfuko wa jamii ukamsaidia kuanza tena. Alilipa kidogo kidogo mpaka shilingi ya mwisho. Cherehani ile haikutoka nyumbani kwake, na sare mnazoziona leo ameshona yeye.

Tangu hapo tuliongeza kifungu katika katiba: mwanachama asipofika, kabla ya kutajwa deni lake, wawili waende kumjulia hali, nao wasiende na daftari. Kifungu hicho kimetufaa kuliko faini zote tulizowahi kutoza.

Basi, akina mama, tunapoanza miaka mingine kumi, tuendelee kuhesabu fedha kwa uaminifu. Lakini kabla hatujafungua sanduku, tutazame kwanza kiti kilicho kitupu, tuulizane mwenye kiti yuko wapi. Huenda huko aliko ndiko Bwana anakotungoja.